Mafunzo Niliyopata Nikiwahudumia Wagonjwa wa Kiharusi

Mimi ni muuguzi. Nilianza katika idara ya dharura ya hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam, nikahamia wodi ya magonjwa ya ndani, na sasa sehemu kubwa ya juma langu inaishia majumbani kwa watu waliokwisha ruhusiwa: Mbagala, Tandika, Temeke, Kigamboni. Kwa hiyo nimewapokea wagonjwa wa kiharusi wakishushwa kwenye bajaji mdomo umekwenda upande, na baadhi yao nimewakuta mwaka mmoja baadaye wamekaa barazani wakichambua mchele. Wengine walifia mikononi mwetu, na wapo waliokufa nyumbani kwa mambo yaliyoweza kuzuilika. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa kuwaangalia hao wote. Katika ugonjwa huu daktari humshika mgonjwa kwa muda mfupi tu. Mwanzo wake na mwisho wake vimo mikononi mwa ndugu, na ndugu wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.

1. Saa ndiyo swali la kwanza

Ndugu wanapofika mlangoni huanza na sababu: jana aligombana na mpangaji, alioga maji ya baridi usiku, alikuwa na mawazo. Tunawaelewa, kwani mtu akishtuka hutafuta chanzo. Lakini sisi tunahitaji saa. Ni saa ngapi mara ya mwisho alipoonekana mzima? Si saa aliyokutwa sakafuni, bali saa ambayo mtu alimwona au alimsikia akiwa sawasawa.

Sababu ni hii. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya mshipa wa ubongo, alteplesi, iliidhinishwa Marekani kwa tiba ya kiharusi mwaka 1996, na ilitakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu dalili kuanza. Mwaka 2008 utafiti uliofanyika Ulaya ulionyesha kwamba wapo wanaoweza kunufaika hadi saa 4 na nusu. Baada ya hapo, kadiri muda unavyokwenda, hatari ya kuvuja damu inaizidi faida. Basi mtu aliyelala mzima saa nne usiku, akaamka saa kumi na mbili asubuhi mkono haunyanyuki, hesabu yake inaanzia saa nne ya usiku, isipokuwa kama yuko mahali penye vipimo vya kuonyesha vinginevyo.

Nimejifunza kuitafuta saa hiyo kwa njia za watu wetu. “Aliswali alfajiri?” “Aliswali, sista, na yeye ndiye aliyetuamsha.” Hapo tumeshapata mahali pa kushika. Mke wa dereva mmoja alinijibu kwamba yeye alikuwa sokoni, hajui lolote. Nikaomba simu ya mgonjwa. Ndani yake kulikuwa na ujumbe wa muamala: muda si mrefu kabla ya kukutwa ameanguka alikuwa amemtumia mwanawe nauli. Mtu aliyeandika kiasi sahihi, akachagua jina sahihi na kubonyeza namba ya siri bila kukosea, wakati huo alikuwa mzima. Daktari akaichukua saa ile na kazi ikaanza.

Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu akaona kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, kila dakika inayopita bila tiba seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa. Nikiikumbuka namba hiyo siwezi kumwambia ndugu yeyote “subirini kidogo hapo kwenye benchi”.

2. Uso, mkono, maneno

Mwambie atabasamu: je, upande mmoja wa mdomo umebaki nyuma? Mwambie anyanyue mikono yote miwili mbele na kufumba macho: je, mmoja unashuka? Mwambie aseme sentensi ya kawaida, ataje mtaa wake au leo ni siku gani: je, maneno yanakokotwa au yanatoka yasiyoeleweka? Likiwapo hata moja kati ya haya, na limetokea ghafla, mwondoeni. Kupoteza uwezo wa kuona ghafla, kuyumba ghafla, au kuumwa kichwa kwa ukali ambao hajawahi kuuona maishani nako kunahesabiwa.

Watoto hulishika fundisho hili upesi kuliko wazazi wao. Nimempokea bibi mmoja ambaye mjukuu wake wa darasa la sita ndiye aliyewakatalia watu wazima waliotaka kumlaza apumzike.

3. Dalili zikipotea, hatari haijapotea

Huyu ndiye mgonjwa anayenisumbua roho kuliko wote: mdomo ulikwenda upande, mkono ukawa mzito, baada ya nusu saa kila kitu kikarudi. Ndugu wanamshukuru Mungu, anarudi dukani. Hicho ni kiharusi cha mpito. Bonge la damu lilikwama, kisha likaachia. Utafiti uliofanyika California na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba kati ya watu waliofika idara ya dharura kwa tatizo hilo, mmoja hivi kati ya kumi alipata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na nusu ya hao walikipata ndani ya siku mbili za mwanzo. Mtu wa namna hii anatakiwa hospitali siku hiyohiyo, akiwa anatembea kwa miguu yake.

4. Macho hayawezi kutofautisha viharusi viwili

Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka. Katika hesabu za dunia, cha kuziba ndicho kingi zaidi. Kwa nje wagonjwa wanaweza kufanana kabisa: mkono uleule, mdomo uleule, usingizi uleule. Lakini kinachomfaa mmoja kinaweza kumuua mwenzake. Aspirini inayomsaidia aliyezibwa humwongezea kuvuja aliyepasukiwa. Ndiyo maana tunapinga desturi iliyoingia mitaani ya kumtafunisha mgonjwa aspirini nyumbani “ili damu iwe nyepesi”. Kinachoamua ni picha ya CT scan ya kichwa, basi. Kwa bahati njema, katika miaka ya karibuni hospitali nyingi za rufaa za mikoa nchini zimepata mashine hizo. Zamani mgonjwa wa mkoani alilazimika kusafirishwa hadi Muhimbili, Bugando au KCMC kabla ya mtu yeyote kujua ana kiharusi cha aina gani.

Hapa pia ndipo ndugu hukosana na sisi kuhusu presha. Mashine inasoma 190 kwa 100, mtoto wa mgonjwa anauliza kwa hasira kwa nini hatumpi dawa ya kuishusha. Swali lake ni la haki na linastahili jibu. Mshipa ukiziba, sehemu ya ubongo iliyo jirani inaishi kwa damu kidogo inayosukumwa kupitia vijia vya pembeni, na presha iliyopanda ndiyo inayoisukuma. Tukiiangusha kwa ghafla, tunaikatia sehemu ile riziki yake. Kwa mgonjwa wa namna hiyo asiyepewa dawa ya kuyeyusha, madaktari wengi huivumilia hadi 220 kwa 120 katika siku ya kwanza. Akipewa dawa ya kuyeyusha, lazima iwe chini ya 185 kwa 110 kabla ya sindano. Na kama mshipa umepasuka, mambo yanageuka: hapo tunaishusha mapema kuelekea 140. Namba ni ileile kwenye mashine, amri ni tatu tofauti. Nilipoanza kuwaeleza ndugu hivyo, kwa utulivu, wameketi, ugomvi wa presha wodini ulipungua sana.

Kwa hiyo wale wanaompa mgonjwa vidonge vya presha vya jirani njiani, au kumwekea kidonge chini ya ulimi ili presha ishuke haraka, nawaomba waache. Mnaweza kumwongezea kupooza mtu ambaye bado alikuwa na nafasi.

5. Hata pasipo na ile dawa, kuwahi kuna faida kubwa

Nasikia neno hili hata kwa watumishi wenzangu: “Ya nini kukimbilia, dawa ya kuyeyusha yenyewe hatuna.” Ni kweli kwamba alteplesi ni ghali na haipo katika hospitali zetu nyingi. Ni kweli pia kwamba tiba ya kuingiza mpira mwembamba kwenye mshipa na kulitoa bonge, ambayo tafiti za mwaka 2015 ziliithibitisha, kwa wagonjwa wetu wengi bado ni habari ya mbali. Lakini anayesema hivyo hajakaa kwenye chumba cha dharura.

Jambo la kwanza ninalofanya mgonjwa akifika ni kumtoboa kidole kupima sukari. Kuna waliopooza upande mmoja, hawasemi, ndugu wameshaanza kulia, kumbe ni mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini bila kula. Akipata sukari kwenye mshipa, anafumbua macho na kuuliza viatu vyake viko wapi. Angecheleweshwa, ubongo ungeharibika kwa kukosa sukari tu. Pili, naangalia kama njia ya hewa iko wazi, maana ulimi wa aliyepoteza fahamu unarudi nyuma. Tunapima kiasi cha oksijeni, joto la mwili na mapigo ya moyo. Homa huuzidishia ubongo madhara na inatibika kwa dawa za kawaida. Mapigo yasiyo na mpangilio yanatuonyesha kwamba bonge huenda limetoka moyoni, na hilo litabadilisha dawa za miaka yote itakayofuata. Anayevuja damu karibu na ubongo mdogo anaweza kuokolewa na upasuaji kama amefika kabla hajazimika.

Kisha kuna wodi. Tafiti zilizokusanywa kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi wakiwekwa pamoja, chini ya timu iliyofunzwa ya madaktari, wauguzi na watu wa fiziotherapia, vifo hupungua na wanaorudi kujitegemea huongezeka. Hakuna dawa mpya ndani ya hilo. Ni kugeuzwa kwa wakati, kupimwa kumeza, kukaliwa karibu. Haya yanawezekana Lindi na yanawezekana Kigoma, na ninakasirika yanapoitwa anasa.

6. Kijiko cha kwanza kinaweza kuwa sumu

Mtu akianguka, kwetu sisi huruma huja na kikombe. Maji ya baridi, uji, chai ya sukari nyingi, maji yaliyoombewa. Lakini kiharusi mara nyingi huziua pia nguvu za koo. Kile kinywaji, badala ya kwenda tumboni, kinaingia kwenye mapafu kimyakimya, wakati mwingine bila hata kikohozi. Baada ya siku chache mgonjwa ana homa na anapumua kwa shida, na nimonia hiyo ndiyo inayoua wengi walionusurika siku ya kwanza.

Sheria tuliyoiweka wodini ni kwamba hakuna kitu mdomoni, hata kidonge, kabla hajapimwa kumeza. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Namketisha wima kabisa, mgongo umeegemezwa, namsafisha mdomo, nahakikisha yuko macho. Nampa kijiko cha chai cha maji. Naweka vidole viwili kwenye koromeo lake nione kama linapanda na kushuka. Nasubiri. Namwambia aseme “aaa”. Nasikiliza kama sauti imekuwa ya majimaji, kama mtu anayesukutua. Kijiko cha pili. Cha tatu. Akikohoa, au maji yakitiririka pembeni mwa mdomo, au sauti ikigeuka, nasimama hapo, na chakula kitapita kwenye mpira wa puani mpaka tupime tena. Kila jamaa anayebaki kumuuguza namwonyesha kwa macho yake, kwa sababu usiku atakayejaribiwa kumpa mgonjwa uji ni yeye.

Wakati wa kurudi kula, uji mzito una usalama kuliko maji. Viazi vilivyopondwa, ndizi laini, mtori. Mlishe akiwa ameketi, weka chakula upande wa mdomo ulio mzima, ngoja ameze kabla ya kijiko kinachofuata, na baada ya kula abaki ameketi nusu saa. Chungulia shavu la upande uliopooza: mabaki hujificha pale.

7. Dua isimfungie mgonjwa mlango

Nimekulia kwenye familia inayoamini, na siwezi kumdharau anayesema kiharusi kimeletwa na jini au upepo mbaya. Ugonjwa unaomwangusha mtu mzima katikati ya maongezi unatisha, na watu hutafuta maelezo yanayolingana na hofu yao. Wanaotaka kusoma dua nawaambia wasome ndani ya gari. Wanaotaka kuombea, kando ya kitanda chetu pana nafasi. Wapo masheikh na wachungaji ninaowafahamu ambao sasa wakiletewa mgonjwa wa namna hii humwelekeza hospitali kwanza kisha wenyewe hufuata nyuma, na hao wameokoa watu wengi kuliko wanavyojua.

8. Kiharusi si cha wazee peke yao

Wodini nimehudumia mama aliyejifungua mtoto wake wa kwanza, kijana mwenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na watu wenye VVU walioacha dawa. Nimehudumia pia watoto wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huo, na mtoto wa selimundu anayechechemea ghafla au anayeangusha kalamu darasani anaweza kuwa amepata kiharusi. Dawa ya haidroksiyurea, ikinywewa kwa uangalizi wa kliniki, hupunguza hatari hiyo. Mzazi wa mtoto huyo aiulizie.

9. Bega lina kumbukumbu mbaya

Kumnyanyua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza ni jambo ambalo kila mtu hulifanya kwa upendo. Misuli inayolishika bega mahali pake imelegea. Ukivuta, mfupa unashuka kutoka kwenye kikombe chake, na maumivu yanayofuata yanaweza kudumu miezi na kumfanya aukatae mkono ule wakati wa mazoezi. Kwapani pia msimwinue. Tumieni kanga mbili zilizokunjwa au shuka la kugeuzia: lipitisheni chini ya makalio na mgongo, mmoja upande huu mmoja ule, hesabuni pamoja, mgeuzeni. Akilala chali, wekeni mto mdogo chini ya bega na mkono. Akikaa, mkono uliopooza ulale juu ya mto mapajani au juu ya meza, usining'inie.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Angalieni kisigino, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo. Sehemu ikiwa imebadilika rangi, na kwa ngozi yetu nyeusi wakati mwingine huonekana kama kiza cha zambarau au husikika joto tu kwa kiganja, msimlaze tena upande huo mpaka irudi kawaida. Kidonda cha kulalia huanza ndani kabla ya kutokea nje.

Kuhusu kumsimamisha, zamani tuliamini kwamba kadiri anavyoamshwa mapema zaidi ndivyo bora. Utafiti mkubwa uitwao AVERT, wa mwaka 2015, ulituonyesha kwamba mazoezi mengi na makali ndani ya saa 24 za mwanzo hayakuwa na faida, na walioanza taratibu walitoka vizuri zaidi. Siku hizi tunaanza kwa muda mfupifupi: kuketi kitandani, kisha ukingoni, kisha kitini, tukiangalia presha.

10. Asiyesema bado anasikia

Kwa watu wengi lugha imekaa upande wa kushoto wa ubongo, upande ambao ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Nilimhudumia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye hakuweza kutaja jina la mwanawe wa kwanza. Aliangalia kikombe akakiita mlango. Mkewe alinivuta pembeni akaniuliza kama mumewe ameingia wazimu. Jioni ile alikuja rafiki yake wa msikitini, akakaa, akaanza kusoma Alhamdu polepole. Mzee akaipokea aya ya pili na kuisoma mpaka mwisho, herufi zote mahali pake. Mkewe alilia kwa furaha, kisha akachanganyikiwa zaidi: kama anaweza hivi, kwa nini hasemi na mimi?

Nikamweleza ninavyojua. Maneno yaliyozoeleka tangu utotoni, kama sala, nyimbo, kuhesabu, siku za wiki na salamu, hupita njia tofauti na maneno ya kutunga papo hapo, na mara nyingi hubaki. Wengine tunawaona kwa nyimbo za kanisani. Hilo ni dirisha la kuanzia mazoezi. Wataalamu wa tiba ya kuongea nchini ni wachache sana, kwa hiyo nyumba inageuka kuwa shule. Muulize maswali ya ndiyo au hapana. Mwonyeshe kitu huku ukikitaja. Zima redio. Mpe muda wa kutosha, usimmalizie kila neno. Na tafadhali, wageni wakija msiongee habari zake juu ya kichwa chake kana kwamba ni kiti. Yule mwalimu, alipoanza kurudisha maneno, alikuwa anakumbuka nani alisema nini kitandani kwake.

11. Siku ya ruhusa ndiyo siku ya kuuliza maswali

Mgonjwa akiruhusiwa, ndugu huwa wamechoka, bili inawasubiri, gari liko nje. Mfuko wa dawa unapokelewa bila kufunguliwa. Fungueni. Kila kidonge kiandikwe kwa maneno yenu: hiki cha presha, hiki cha kuzuia damu kuganda, hiki cha mafuta kwenye damu, hiki cha sukari, na kila kimoja kinywewe saa ngapi. Ulizeni kama kiharusi chake kilikuwa cha kuziba au cha kuvuja, na muombe liandikwe kwenye karatasi ya ruhusa, kwa sababu daktari mwingine miaka mitatu ijayo atataka kulijua. Kama moyo wake hauna mpangilio na amepewa warfarini, ulizeni damu itapimwa wapi na lini.

Kisha inakuja shida inayowarudisha wagonjwa wetu wodini kuliko zote. Presha inasoma 130, mgonjwa anasema nimepona, dawa anaweka kabatini. Fundi seremala mmoja wa Tandika alirudi kushika randa, nilimwona mwenyewe akipiga mbao kwa mkono uliokuwa umekufa. Aliacha amlodipini kwa sababu alijisikia mzima. Kiharusi cha pili kilikuwa cha kuvuja, na hakikumpa nafasi. Ile 130 ilikuwa kazi ya kidonge.

12. Mkono unajifunza kwa kazi, mguu kwa safari

Sehemu kubwa ya kurudi kwa nguvu huonekana katika miezi mitatu ya mwanzo, lakini sijaona mahali ambapo mlango unafungwa. Nimeona vidole vikifunguka baada ya mwaka. Kinachofanya kazi ni kurudia, mara nyingi mno, kwa shughuli yenye maana. Mama wa Mbagala aliyekuwa akiuza vitumbua alichoka na mpira wa mazoezi ndani ya juma moja. Tukampa mchele. Anachambua kwa mkono dhaifu, punje na kokoto, huku mkono mzima umeshika sinia tu. Baadaye akakunja kanga, akabana vibanio kwenye kamba ya nguo, akamwaga maji kutoka kikombe hadi kikombe. Siku aliposhika tena kijiko cha kugeuzia vitumbua, mafuta yakiwa bado hayajawashwa, binti yake aliita jirani mzima.

Nyumba nayo ibadilishwe. Mikeka na mazulia yanayoteleza yaondolewe. Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowaangusha wengi: nunueni kiti cha plastiki imara, fundi akate tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo, na bomba la chuma lifungwe ukutani upande wa mkono mzima. Kinagharimu kidogo kuliko mfupa wa nyonga.

13. Kilio na anayeuguza

Takribani mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingia katika sonona, na inatibika. Ukiona amekataa mazoezi, hali, anageukia ukuta, mwambie daktari wa kliniki kwa maneno hayohayo. Wapo pia wanaolia au kucheka ghafla bila sababu. Huo ni ugonjwa wenyewe ndani ya ubongo, msimkaripie.

Na anayeuguza? Mara nyingi ni binti mmoja aliyeacha biashara yake, au mke mwenye presha yake mwenyewe ambayo hajaipima. Nikienda nyumba za watu nabeba mashine ya presha na nampima yeye kwanza. Ndugu wengine, kutuma fedha mwisho wa mwezi ni jambo jema, lakini njooni mlale usiku mmoja, yeye alale.

14. Presha inapimika leo

Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi nchini, wilaya ya Hai na Dar es Salaam. Wakisawazisha umri, walikuta wapya 108 hivi kwa mwaka kwa kila watu 100,000 Hai, na 315 hivi Dar es Salaam. Utafiti mwingine, INTERSTROKE, uliofika nchi 32 mwaka 2016, ulikuta kwamba karibu asilimia 90 ya viharusi vinahusishwa na mambo 10 yanayoweza kubadilishwa, na la kwanza ni presha. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na humo imo iliyo kwenye mkate, dagaa wa chumvi na viungo vya pakiti.

Basi ndugu msomaji, kama umevuka miaka 40 na hujui presha yako, ipime juma hili. Zahanati iliyo karibu nawe inayo mashine. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe tena na usikilize utakachoambiwa. Halafu kaeni na watu wa nyumbani, muulizane mambo mawili: ni hospitali ipi iliyo karibu yenye CT scan, na ni jirani gani mwenye gari au bajaji atakayepokea simu saa nane usiku. Iandikeni namba yake ukutani, kwa herufi kubwa, mahali ambapo hata mtoto anafika.